Sikio Hufundishwa na Mkono

Kuna maneno ambayo wapenzi wa muziki huambiana kwa uhakika kiasi kwamba hakuna anayedai ushahidi. Wanasema: ukitaka kuendelea kuufurahia muziki, usiuchunguze. Fundi hasikilizi tena, anakagua. Mwalimu wa kwaya akienda ibada ya watu wengine hasikii wimbo. Anasikia mwimbaji wa tena aliyeshuka sauti na besi waliochelewa kuingia. Mpiga gitaa akialikwa harusini hachezi. Macho yake yako kwenye vidole vya mwenzake jukwaani. Basi, wanahitimisha, ni heri kubaki msikilizaji tu, mwenye moyo mweupe, anayeguswa na wimbo bila kujua umetengenezwaje.

Maneno hayo yana pacha wake, na hapa Dodoma pacha huyo ndiye anayesikika zaidi: kwamba muziki uko kwenye damu. Mgogo, tunaambiwa, huzaliwa akijua kuimba. Mgeni akifika Chamwino siku za tamasha la muziki wa Wagogo, akasikia kundi la kijiji likiimba kwa sauti nyingi zinazopishana bila karatasi wala kinanda, huondoka akisema watu hawa wamejaliwa. Anakusudia kuwasifu. Lakini ndani ya sifa hiyo amefuta kazi ya miaka mingi iliyofanyika uani, shambani na kwenye sherehe za jando, na papo hapo amejitoa yeye mwenyewe: kama muziki ni wa waliozaliwa nao, yeye hana la kufanya ila kupiga makofi.

Kauli hizi mbili, ingawa zinaonekana kutofautiana, zimesimama juu ya msingi mmoja. Zote mbili zinashikilia kwamba kupiga muziki ni jambo la wachache, na kwamba sisi wengine masikio yetu yanatosha kama yalivyo. Mimi ninaupinga msingi huo. Kujifunza kupiga chombo au kuimba sauti yako katika kundi, hata kidogo, hata bila ustadi, hubadilisha usikivu wenyewe. Asiyewahi kujifunza hasikii muziki uleule tunaousikia akiwa na moyo mweupe kuliko sisi. Anasikia sehemu yake ndogo, na sehemu nyingine humpita bila yeye kujua kwamba imempita.

Tuanze na chombo cha hapahapa. Ilimba ya Wagogo, ambayo wengi huiita marimba ya vidole, ni sanduku la mti, na juu yake vimepangwa vyuma vyembamba vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Anayeisikia kwa mara ya kwanza, hasa aliyezoea kinanda, hushika mambo mawili tu: wimbo mfupi unaojirudia, na mkwaruzo unaofuata kila mlio kama wa spika iliyopasuka. Wengi hudhani chombo ni kibovu. Lakini kaa karibu na mpigaji, umwombe akuonyeshe. Utaona kwenye ubao kitundu kilichozibwa kwa utando mwembamba sana, uliotolewa kwenye kifuko cha mayai ya buibui. Utando huo ndio unaotetemeka na kukwaruza. Aliyeitengeneza ameuweka kwa makusudi, na ukichanika hutafutwa mwingine. Utaona pia kwamba vyuma ni vingi kuliko vinavyoguswa. Vipo ambavyo mpigaji havibonyezi kabisa. Kazi ya vyuma hivyo ni kuitikia. Chuma chenye sauti inayolingana na kimojawapo kikipigwa, hicho kisichoguswa hutetemeka chenyewe na kuujaza mlio kutoka chini.

Sasa omba uishike wewe. Mwenyewe atakupa kazi ndogo: gumba la kulia lipige hapa, la kushoto liingie pale ambapo la kulia limepumua. Mwanzoni vidole vinagongana. Kila kimoja kinataka kumfuata mwenzake. Siku utakapoweza kuvitenganisha, mrudishie chombo chake, ukae, usikilize. Hutasikia tena wimbo mmoja mfupi. Utasikia mikono miwili inayojibizana, na nafasi kati yao itakuwa na uzito kama mlio wenyewe. Mkwaruzo hutausikia kama kasoro. Utausikia kama mwisho wa kila sauti, na chombo kisicho nao kitakuwa kikavu masikioni mwako. Na ule wimbo uliodhani unajirudia, haujirudii. Mpigaji amehamisha chuma kimoja, mzunguko uliofuata amekiacha, ule wa baada yake amekirudisha mahali pengine. Mambo hayo yote yalikuwepo tangu ulipofika. Sikio lako halikuwa na pa kuyashikia.

Ushahidi ulioandikwa vizuri zaidi wa jambo hili unatoka kwa jirani zetu wa Uganda. Mwishoni mwa mwaka 1959, Gerhard Kubik, kijana kutoka Vienna ambaye tayari alikuwa mwanamuziki, alifika Kampala na kukaa chini kama mwanafunzi wa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu ya Kabaka. Muyinda alimfundisha amadinda, marimba kubwa ya vipande 12 vya mti inayopigwa na watu 3. Wa kwanza, omunazi, hupiga zamu yake kwa mwendo sawa usiokatika. Wa pili, omwawuzi, hukaa upande wa pili na kuyaingiza mapigo yake katikati kabisa ya mapigo ya mwenzake. Wa tatu, omukoonezi, hugonga vipande viwili tu vya juu, akizichagua sauti fulani zilizomo katika kazi ya wale wawili na kuzirudia huko juu.

Kila mkono, basi, unakwenda sawasawa. Lakini anayesikiliza pembeni hasikii mwendo sawa. Anasikia nyimbo zilizokatikakatika, zenye kuruka na kusita, zikipita moja juu ya nyingine. Kubik, baada ya kujifunza kupiga, aligundua kwamba baadhi ya nyimbo hizo hazipigwi na mtu yeyote. Sikio lenyewe ndilo linalozikusanya sauti za juu likazifanya wimbo, likazikusanya za chini likazifanya wimbo mwingine. Mwaka 1962 aliandika kuhusu jambo hilo, na tangu hapo limekuwa miongoni mwa mambo ya msingi katika kuuelewa muziki wa eneo letu.

Tazama maana yake kwa hoja yetu. Msikilizaji asiyewahi kukaa kwenye amadinda anaweza kuzisikia nyimbo hizo maisha yake yote akiamini kuna mtu anayezipiga. Aliyekaa hapo anasikia yote mawili kwa pamoja: zamu iliyo mikononi mwake, na wimbo unaozaliwa kati ya mikono yake na ya wenzake. Hakupoteza kile alichokisikia mwanzo. Wimbo ule bado upo, na bado unamgusa. Amejua tu kwamba na yeye, kwa kusikiliza kwake, ni mmoja wa wanaoutunga. Ni nani atakayesema mtu huyu amepunguziwa raha?

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya mabingwa, si ya mtu wa kawaida. Basi tuwaangalie watu wa kawaida. Mwaka 2007 watafiti watatu nchini Marekani, Amir Lahav, Elliot Saltzman na Gottfried Schlaug, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa watu wasio na mafunzo ya muziki. Walifundishwa kupiga kipande kifupi kwenye kinanda, kwa kusikia tu, kwa muda wa siku 5. Kisha wakaingizwa kwenye mashine inayopiga picha za ubongo, wakatakiwa kusikiliza bila kusogeza hata kidole. Waliposikia kile kipande walichojifunza, sehemu za ubongo zinazopanga mwendo wa mwili ziliamka. Waliposikia muziki ambao mikono yao haikuufanyia mazoezi, sehemu hizo hazikuamka kwa kiwango kile. Hawakuwa mabingwa wala watoto wa ukoo wa wanamuziki, na walihitaji siku 5 tu ili usikivu wao uanze kufanya kazi kwa njia nyingine. Sikio lililojifunza kupitia mkono husikiliza pamoja na mkono, hata mkono ukiwa umetulia.

Sasa turudi kwa mwalimu wa kwaya, maana wanaosema ufundi huua raha hawakulibuni jambo lao hewani. Kipo kipindi ambacho kujifunza huufunga muziki badala ya kuufungua, na yeyote aliyepita kwenye kwaya anakijua. Ni jioni ya mazoezi, solfa zimeandikwa ubaoni, mwalimu anatoa nota. Soprano wanapewa sauti yao, wanairudia mpaka imekaa. Alto wanafuata, kisha wale wa tena, kisha besi. Halafu mwalimu anasema, haya, tuunganishe. Hapo utawaona alto wapya wakiziba masikio kwa viganja vya mikono, wamekunja nyuso, wakiimba kwa kujisikiliza wenyewe ili wasichukuliwe na soprano. Kwa wakati huo ni kweli kabisa: wimbo umewapotea. Kila mmoja amebaki na kipande chake.

Lakini anayeihukumu elimu kwa kuangalia hatua hiyo ni kama amesimama nusu ya njia. Baada ya mazoezi kadhaa mikono hushuka. Alto anaimba sauti yake huku akiisikia soprano juu yake na besi chini yake, na anajua ni wapi sauti yake inakaribiana na tena mpaka kugusana, na wapi zinaachana. Na siku akisikiliza redio nyumbani, kwaya asiyoijua ikiimba wimbo asioujua, atasikia kitu ambacho jirani yake aliyeketi naye hasikii. Ataisikia alto. Kabla ya hapo, alto kwake haikuwepo. Kulikuwa na wimbo, na nyuma ya wimbo kulikuwa na kitu kinene kinachopendeza. Sasa kile kitu kinene kina watu ndani yake.

Ni kweli pia kwamba mtu huyo atasikia makosa. Anayeweza kusikia besi wakiingia kwa wakati wake ndiye anayeweza kusikia wakichelewa. Huwezi kupewa moja ukanyimwa la pili. Lakini kama fundi hasikii kingine ila makosa, tuangalie alifundishwaje. Wengi wetu tumejifunza muziki kwa ajili ya mashindano, mbele ya majaji wanaopunguza alama, chini ya walimu wanaosimamisha wimbo kila penye kosa na kuuacha upite kila palipo sawa. Sikio lililolelewa hivyo litakagua, kwa sababu ndiyo kazi lililopewa. Lawama ni ya namna ya kufundisha. Elimu yenyewe inaweza kufundishwa kwa kuuliza swali jingine: umesikia nini hapo kilichokuwa kizuri, na nani alikifanya?

Liko pingamizi zito zaidi ya hilo, na nadhani ndilo linalostahili jibu la makini. Mafunzo yanaweza kuziba sikio. Hapa kwetu jambo hili lina historia. Kila sauti inayotoka kwenye uzi au kooni hubeba ndani yake sauti nyingine nyembamba, zinazopanda juu yake kwa mpangilio wa maumbile. Muziki wa Wagogo, katika uimbaji na katika ilimba, umejengwa juu ya ngazi hiyo, kwa kutumia hatua zake za mwanzo hadi ile ya 9. Kinanda kimepangwa kwa njia nyingine. Tukiigawa nusu sauti ya kinanda katika sehemu 100, basi hatua ya 5 ya ngazi ya maumbile iko chini ya sauti ya kinanda iliyo karibu nayo kwa sehemu 14, na hatua ya 7 iko chini kwa sehemu 31, karibu theluthi moja ya nusu sauti. Huo si upungufu mdogo. Ni tofauti ambayo sikio lolote linaweza kuihisi.

Kwa hiyo mtu aliyelelewa na kinanda akisikia wimbo wa Kigogo husema kwa unyoofu kabisa kwamba wanaimba nje ya tuni. Na makundi yetu yakishauriwa kuweka kinanda nyuma ya zeze, chombo chetu cha nyuzi, ili wimbo uwe wa kisasa, ama zeze huvutwa lilingane na kinanda, ama viwili hivyo hubaki vikipingana mpaka mwisho. Mtu huyo amejifunza muziki, na kujifunza kwake kumemfanya asisikie. Je, hilo halivunji hoja yangu?

Halivunji. Linaonyesha kwamba kujifunza kuna nguvu kweli ya kuliunda sikio, na chenye nguvu hiyo kinaweza kupunguza kama kinavyoweza kuongeza. Lakini tazama tiba yake ni ipi. Mwenye sikio la kinanda hataponywa kwa kusahau kinanda, wala kwa kusikiliza zaidi akiwa amekaa kitini. Anaweza kusikiliza zeze miaka 10 na kuendelea kuamini limelegea nyuzi. Tiba yake ni kujifunza mara ya pili: ashike zeze, au asimame katikati ya waimbaji na kuitafuta ile hatua ya 7 kwa koo lake, mpaka siku sauti yake itakapotulia ndani ya sauti za wenzake na mtetemo wa kugombana utoweke. Hapo atajua kwamba palipokuwa na kosa ni kwenye kipimo alichokuja nacho. Kubik alikuwa na elimu ya muziki wa kwao, na haikumtosha Kampala. Ilimbidi aanze tena kama mtoto, mbele ya Muyinda. Mafunzo ya aina moja huweka mpaka. Mafunzo ya aina ya pili humwonyesha mtu kwamba mpaka upo.

Nimesema kauli ya damu ni pacha wa kauli ya raha, na sasa niijibu. Mwanamuziki wa Kigogo aliyejulikana zaidi duniani, Hukwe Zawose, alizaliwa mkoani Dodoma. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam miaka ya 1960, akawa sehemu ya sanaa za taifa, akaishi na kufundisha Bagamoyo, na kabla ya kufariki Desemba 2003 alikuwa amerekodi na kupiga kwenye majukwaa makubwa ya Ulaya na kwingineko. Ukoo wake umeendelea na kazi hiyo, na watu wakiutazama ukoo huo husema: unaona, ni damu. Lakini angalia kilichotokea kwa wanawake. Kwa desturi ya Wagogo, ngoma ya muheme ni ya wanawake, wanaoibana ngoma katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja huku wakicheza, ilhali ilimba na zeze vilikuwa vya wanaume. Wanawake wa ukoo wa Zawose kwa miaka mingi waliimba kiitikio na kupiga ngoma. Pendo na Leah Zawose walipotoa albamu yao Maisha mwaka 2024, walikuwa mbele, wanaongoza, na vyombo vilivyokuwa vya wanaume vimo mikononi mwao. Damu ni ileile. Kilichobadilika ni ruhusa ya kushika chombo.

Na ruhusa ndiyo tunayoinyima sehemu kubwa ya watoto wetu bila kukusudia. Mtoto wa Nkuhungu au Kizota, hapa mjini Dodoma, leo anasikia muziki mwingi kuliko kizazi chochote kilichopita: Bongo Fleva, singeli, amapiano, kwaya, vyote kwenye simu moja. Simlaumu, wala sisemi muziki wake ni hafifu. Kijana wa mtaa huohuo anayetengeneza biti kwenye kompyuta, akiweka kiki, kisha besi, kisha akiondoa kimoja ili kingine kipumue, amejifunza kwa njia ileile ya ilimba, na sikio lake limefunguka vivyo hivyo. Ninachosema ni kwamba wapo wengi mno wanaosikia kutwa nzima na hawajawahi kupewa hata kopo la kugonga zamu moja. Shuleni anayeimba vizuri huchaguliwa kwaya, wengine huambiwa hawana sauti, na mlango unafungwa wakiwa na miaka 8. Tumewahukumu kwa kigezo cha msanii wakati walichohitaji ni elimu ya msikilizaji.

Dkt. Kedmon Mapana, mwana wa Dodoma aliyelianzisha tamasha la Chamwino, ameandika kama mtafiti kuhusu umbali uliopo kati ya muziki ambao mtoto wa Kigogo hukua nao kijijini na kile anachokikuta darasani. Umbali huo unafupishwa kwa kuleta chombo darasani na mtu anayejua kukipiga, si kwa kuongeza ukurasa kwenye kitabu. Hatuhitaji kila mtoto awe Zawose. Tunahitaji kila mtoto awe amewahi kushika zamu moja katika muziki wenye zamu tatu, akajua inavyokuwa kuingia pale mwenzako anapopumua.

Tunapozungumzia kuulinda muziki wa Wagogo, mara nyingi tunazungumzia kurekodi. Ni kazi njema, na ni ya zamani. Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mitambo yake mwaka 1950, na sauti alizozikusanya zipo mpaka leo. Lakini kanda huhifadhi sauti tu, usikivu haihifadhi. Siku ambayo hatakuwepo aliyewahi kupiga, zile kanda zitakuwa zimejaa mikwaruzo na nyimbo fupi zinazojirudia, na wajukuu wetu watazisikia kama anavyozisikia mgeni.

Kwa hiyo kwa anayeogopa kwamba kujifunza kutamharibia raha, ushauri wangu ni wa vitendo. Chagua muziki unaoupenda zaidi, umtafute mtu anayeupiga, umwombe akufundishe kipande kimoja kidogo, kile anachokiona rahisi kuliko vyote. Vumilia kipindi cha kuziba masikio. Usilenge jukwaa, wala usisubiri mtu akuambie una kipaji, kwa sababu kipaji hakihusiki hapa. Halafu urudi kwenye wimbo uliokuwa ukiupenda tangu zamani, uusikilize. Utakuta una mambo mengi kuliko ulivyodhani, na utaupenda kwa sababu ambazo hapo awali hukuwa na uwezo wa kuzisikia.